Begi dogo la kamera kwa matembezi ya wikiendi: ninunue lipi?

SWALI: "Nimenunua kamera ya Canon EOS R50 ikiwa na lenzi yake ya 18-45mm, baadaye nikaongeza ya 50mm f/1.8. Mimi si mpigapicha wa kazi. Napenda tu kutoka Jumamosi na Jumapili: Kariakoo, soko la samaki Feri, Coco Beach, na mara mojamoja navuka kwenda Unguja. Usafiri wangu ni daladala na mwendokasi, siku nyingine bodaboda. Begi nililouziwa pamoja na kamera ni kubwa na gumu, limeandikwa jina la kamera kwa herufi kubwa mbele, na kila nikilitazama naishia kuiacha kamera nyumbani. Nataka begi dogo la kila siku. Nina shilingi laki moja. Ninunue lipi, na niangalie nini? Halafu huwa navaa baibui, sijui kama hilo linabadilisha chochote." Msomaji, Tabata, Dar es Salaam.

JIBU: Dada yangu, katika maelezo yako yote nimesimama pale uliposema unaishia kuiacha kamera nyumbani. Hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Begi la matembezi lina kazi moja kubwa kuliko zote, nayo ni kuhakikisha kamera inatoka na wewe. Begi linaloilinda kamera vizuri sana ndani ya kabati halijakusaidia kitu. Kwa hiyo kila nitakachokueleza hapa nimekipima kwa swali hilo: je, Jumamosi asubuhi utalivaa bila kufikiri mara mbili?

Jibu fupi ni hili. Usinunue begi la kamera. Nunua kibegi cha kawaida cha kupitisha mkanda mshazari kifuani, chenye ujazo wa lita 4 hadi 5, kisicho na maandishi, kisha mpe fundi akushonee kisanduku cha sponji cha kuingia ndani yake kwa vipimo vya kamera yako. Laki moja inatosha kwa yote mawili.

Sasa nieleze kwa nini, na namna ya kulifanya vizuri.

Anza na unachobeba, si unachomiliki

Watu wengi hukosea kwa kununua begi la kuingiza kila kitu walichonacho, pamoja na vile wanavyotarajia kununua. Begi la matembezi hupimwa kwa vitu vya siku moja. Kwako wewe ni kamera ikiwa na lenzi moja imefungwa tayari, lenzi ya pili, betri ya akiba, kitambaa cha kufutia, simu, funguo na pesa. Basi. Chaja ibaki nyumbani, na vile vipeperushi vya dukani navyo vibaki.

Tena siku nyingi ningekushauri uiache hata lenzi ya pili. Ukienda Kariakoo mchana, 18-45mm inakutosha, kwa sababu vichochoro ni vyembamba na unahitaji lenzi inayoona upana. Ukienda Forodhani usiku, pale taa zinapowashwa na wachomaji wa mishikaki wameanza kazi, beba 50mm peke yake, tundu lake pana la f/1.8 linaingiza mwanga mwingi mno kuliko ile nyingine. Kwenye R50 hiyo 50mm inaona eneo jembamba kama la lenzi ya 80mm kwenye kamera ya sensa kubwa (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), kwa hiyo ni nzuri kwa sura za watu. Kubadilisha lenzi katikati ya umati, kwenye vumbi au upepo wa bahari, ni jambo la kuliepuka. Hata hivyo nafasi ya lenzi ya pili tuiweke, maana zipo siku utazihitaji zote.

Uzito si tatizo. Bodi ya R50, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ikiwa na betri na kadi ni gramu 375, lenzi ya 18-45mm ni gramu 130, ya 50mm ni gramu 160. Jumla gramu 665. Ukiona bega linauma kwa mzigo huo, basi begi lenyewe ndilo zito, au mkanda wake ni mwembamba. Tafuta begi ambalo likiwa tupu halifiki nusu kilo.

Pima kwa sentimita

Lita zinazoandikwa kwenye lebo hazikuambii umbo. Begi la lita 5 lililo refu na bapa linaweza kukataa kamera ambayo begi la lita 3 lenye kina linaipokea vizuri. Wengine pia huhesabu na mifuko ya nje. Nenda sokoni na rula au futi ya fundi.

Bodi ya kamera yako ina upana wa milimita 116.3, kimo cha milimita 85.5 na unene wa milimita 68.8. Lenzi ya 18-45mm ikiwa imerudishwa ndani ina urefu wa milimita 44.3, hivyo kutoka mgongoni mwa kamera hadi kwenye kifuniko cha lenzi ni kama sentimita 11. Zoea kuirudisha ndani kabla ya kuiweka kwenye begi. Usipoirudisha, inarefuka na shingo yake inabaki inabeba msukosuko wote. Lenzi ya 50mm ina kipenyo cha milimita 69.2 na urefu wa milimita 40.5.

Kamera huwekwa ikiwa imeinamisha lenzi chini, mgongo wenye skrini ukitazama juu, na ule upande wa kushikia uwe unaelekea mkono wako wa kulia. Ukifungua zipu, mkono unatua moja kwa moja kwenye mshikio, huhitaji kuchungulia. Kwa mpangilio huo, kamera inahitaji sentimita 12 za urefu wa begi, lenzi ya pili ikisimama pembeni yake inahitaji 7.5, na katikati kigawanyo cha sponji kama sentimita 1. Hizo ni kama sentimita 21. Kwa kina unahitaji 9, na kwa kimo 13. Ongeza unene wa sponji kila upande, utapata kwamba ndani ya begi panatakiwa pawe si chini ya sentimita 23 kwa urefu, 11 kwa kina na 15 kwa kimo. Chukua namba hizo tatu, ziandike kwenye simu, na usikubali kubembelezwa na muuzaji kwamba "itaingia tu".

Usiongeze sana pia. Kamera inayocheza ndani ya begi hugongana na lenzi jirani kila unapopiga hatua, na hapo ndipo michubuko inapoanzia. Inatakiwa ikae kwa kubanwa kidogo, itoke kwa kuvutwa taratibu.

Jambo dogo linalosumbua sana mabegi madogo ni ule mkanda mpana wa shingoni uliokuja na kamera. Ukiuviringisha unakula nafasi karibu sawa na lenzi nzima, na umeandikwa jina la kampuni kwa herufi zinazoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Uvue. Weka mkanda mfupi wa kifundo cha mkono, usio na maandishi. Utapata nafasi na utulivu kwa pamoja.

Kisanduku cha sponji

Hiki ndicho kinachogeuza begi la kawaida kuwa la kamera. Vinauzwa vilivyo tayari, lakini kwa vipimo vidogo kama vyako cha kushonesha huwa kinakaa vizuri zaidi.

Sponji ya magodoro usiitumie. Ni laini mno, inabonyea hadi mwisho, na ina matundu yanayonyonya maji na jasho na kukaa nayo. Unachotaka ni sponji ngumu ya matundu yaliyofungwa, ya aina inayotengenezwa ndala na mikeka ya mazoezi. Ukiibonyeza kwa kidole inarudi palepale, ukiitumbukiza majini haiyanyonyi. Mkeka mmoja wa mazoezi wa milimita 6 unatosha kutengenezea visanduku kadhaa. Pembeni weka tabaka moja, chini weka mawili, kwa sababu begi hutuliwa kwenye sakafu, saruji na viti vya daladala mara nyingi kuliko linavyogongwa ubavuni. Kisha fundi cherehani afunike kila kipande kwa kitambaa laini kisicho na manyoya yanayong'oka. Manyoya hayo huishia kwenye kioo cha lenzi, na baya zaidi kwenye sensa. Juu hakihitaji kifuniko. Kipande cha kitambaa laini cha kukunjia kinatosha, na ndicho hicho utakachofutia skrini.

Kuna wanaoamini kwamba sponji ikiwa nene ndiyo kinga inaongezeka. Kuanzia kiwango fulani unene unakula nafasi tu. Miaka ya 1970 Jim Domke, mpigapicha wa gazeti la The Philadelphia Inquirer huko Marekani, alichoshwa na masanduku magumu waliyokuwa wakibeba wapigapicha wa habari, akabuni begi laini la turubai lenye vigawanyo vyembamba, linalolala kwenye nyonga ya mwenye kulibeba. Begi hilo, Domke F-2, lilipendwa na waandishi wa habari wengi na bado linatengenezwa. Watu wale walikuwa wakikimbia na kamera kutwa nzima. Begi linalokumbatia mwili halibembei, na lisilobembea haligongi milango.

Ukiwa na kisanduku hiki una faida nyingine: siku ya harusi au ya kazini unakihamishia kwenye pochi yako kubwa ya kawaida, na hakuna atakayejua una kamera.

Baibui, mkanda na namna ya kufungua

Ndiyo, baibui linabadilisha kitu. Vitambaa vyake vingi ni laini na vinateleza, hivyo mkanda wa bega moja utashuka kila baada ya hatua chache. Lazima mkanda upite mshazari. Chagua wenye upana wa sentimita 3.5 hadi 4, na upande wa ndani uwe na kitambaa chenye ukwaruzo kidogo, au fundi akushonee kipande. Mikanda inayong'aa kama ya kwenye gari inateleza sana juu ya hariri na poliesta. Angalia pia isiwe na velkro (zile tepe mbili zinazonasana) iliyo wazi wala ncha za chuma kwenye marekebisho, maana hizo hunasa nyuzi za baibui na mtandio na kuziharibu.

Mtandio mrefu au khanga juu ya begi ni kinga nzuri ya macho ya watu, ili mradi mkono wako wenyewe unafika kwenye zipu bila shida. Lijaribu begi ukiwa umevaa hivyohivyo unavyotoka. Dukani ukiwa umesimama wima kila begi linaonekana zuri. Kaa, inama, geuka, panda ngazi, ndipo utajua.

Mfuniko nao una akili yake. Mzuri ni ule ulioshikiliwa upande wa mbele, unaofunguka kuelekea nje, ili tundu la begi likutazame wewe. Ukiwa umeshikiliwa upande wa tumboni kwako, kila ukifungua unakupiga kifuani na wakati huohuo unawaonyesha walio mbele yako kilichomo. Na zipu ikifungwa, vichwa vyake vikutane mahali ambapo mkono wako unaweza kutulia juu yake. Ukipanda mwendokasi jioni, vifunge vichwa viwili pamoja kwa pete ndogo ya funguo. Inachukua sekunde mbili kuitoa, na mtu mwingine hawezi kuitoa bila wewe kuhisi.

Velkro siipendi kama kifungo kikuu. Mchanga wa Coco Beach unaingia na hautoki kirahisi, na yenyewe inabanduka kwa kelele. Ukiwa kwenye akdi, maulidi au msibani, sauti hiyo inageuza vichwa vyote.

Kulikagua sokoni

Kariakoo utapata mabegi mapya mengi ya nailoni, na Karume utapata ya mitumba ambayo mara nyingine yameshonwa kwa uimara kuliko mapya. Yote mawili ni sawa, ila yakague hivi.

Ligeuze nje ndani. Mabegi mengi ya nailoni yamepakwa utando wa polyurethane, aina ya plastiki, upande wa ndani ili kuzuia maji. Utando huo, kwa joto na unyevu kama wa pwani yetu, huoza polepole: kwanza unanata, kisha unabanduka vipande vyeupe au unga. Begi la mitumba linaweza kuwa zuri nje na ndani limeshaanza. Kwaruza kwa ukucha na unuse. Likinata, likitoa unga, au likiwa na harufu kali ya uchachu, liache, hata kwa bei ya bure. Unga ule utaingia kwenye kamera. Kwa sababu hiyohiyo kimbia ngozi bandia, ambayo kwetu haichelewi kubambuka.

Turubai la pamba linapendeza na linavaliwa vizuri, ila linashika unyevu na hukauka polepole. Kama unalipenda, usinunue lililopakwa nta, kwa kuwa kwenye jua la Dar nta inalainika na kupaka nguo. Ngozi halisi ni nzito, na kabatini wakati wa masika huota ukungu. Mimi ningechukua nailoni au poliesta nzito. Kwenye lebo unaweza kuona namba kama 420D au 600D. Hiyo ni uzito wa uzi, yaani gramu ngapi kwa kila mita 9,000 za uzi. Namba kubwa maana yake uzi mnene. Kwa begi dogo, 420D ya nailoni inatosha kabisa.

Zipu: chagua yenye meno ya nailoni yaliyozungushwa kama springi. Ya chuma inapigwa na chumvi ya bahari, inaota kutu au ukoga, siku moja inagoma. Ya nailoni ikianza kuachia, mara nyingi kichwa tu ndicho kimechoka, na fundi anakibadilisha hapohapo. Ifungue na kuifunga kwa mkono mmoja ukipita kwenye kona. Ikikwama dukani, barabarani itakwama zaidi.

Mwisho shika mkanda na begi, vuta kwa nguvu, utazame pale vinapoungana. Mshono mzuri wa hapo ni mraba wenye msalaba ndani yake. Ukikuta mstari mmoja tu wa uzi, usikate tamaa kama begi lingine lote liko sawa: mpelekee fundi viatu, siyo fundi wa nguo. Ana sindano na uzi wa kazi hiyo. Mwambie atumie uzi wa nailoni, maana wa pamba huoza kwa jasho.

Rangi chagua ya kijivu, kaki au ya udongo. Nyeusi inapokea joto zaidi juani, na Canon wanaeleza kwamba R50 imetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi joto 0 na 40. Kwa hiyo pia usiliache begi ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ndani yake joto hupita kiwango hicho haraka sana.

Maji, jasho na fangasi

Hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kwa sisi wa pwani lenzi nyingi huuawa na begi lenyewe. Fangasi wa lenzi hupenda giza, unyevu na hewa isiyotembea. Begi lililofungwa, lenye sponji iliyonyonya jasho, ndani ya kabati mwezi wa Aprili, linampa vyote vitatu. Akishaota juu ya kioo hutoa asidi inayokula ule utando mwembamba wa lenzi, na hata akisafishwa alama inaweza kubaki daima.

Kwa hiyo begi ni la kutembelea tu. Ukirudi nyumbani toa kamera na lenzi, ziweke kwenye kontena la plastiki la chakula lenye mpira unaobana mfuniko, pamoja na silika, vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ila nunua vya kutosha na vipya. Kipima unyevu kidogo ndani ya kontena ni matumizi mazuri ya pesa. Lenga asilimia 40 hadi 50. Mchele usitumie, unaacha vumbi na wanga. Begi lenyewe liache wazi mahali penye upepo hadi likauke, na kisanduku cha sponji ukikung'ute.

Chupa ya maji baridi isikae chumba kimoja na kamera hata kwa dakika tano. Inatoka jasho, na jasho lake linaishia kwenye sponji. Kama begi halina mfuko wa nje wa chupa, ibebe mkononi. Vivyo hivyo ukitoka kwenye ofisi au hoteli yenye kiyoyozi kikali, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa robo saa au nusu saa ipate joto polepole, ndipo uitoe. Ukiitoa papo hapo, lenzi inafanya ukungu.

Mvua nayo ipangie mapema, kwa kuwa R50 haikutengenezwa na kinga ya maji. Begi likiandikwa kwamba halipitishi maji, mara nyingi kinachosemwa ni kitambaa. Maji hupita kwenye zipu na matundu ya sindano. Zamani tungefunika kwa mfuko wa rambo, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019. Beba kofia ya kuogea, ile yenye lastiki. Inakunjwa ikawa ndogo kuliko kitambaa cha mkononi, na inafunika kamera nzima au sehemu ya juu ya begi mpaka ufike barazani kwa mtu.

Njiani

Ndani ya daladala begi liwe mbele, mkono juu ya zipu. Ukitembea kando ya barabara, liwe upande wa ukutani, kwa sababu wanaokwapua wakiwa kwenye pikipiki hufika kutoka upande wa magari. Kwenye bodaboda liweke katikati yako na dereva, si ubavuni. Na nakuomba kama dada yangu: ikitokea mtu amelishika begi na pikipiki inaondoka, liachie. Mkanda mshazari unaweza kukuburuta. Ndiyo maana napenda mkanda wenye klipu ya kubonyeza karibu na kifua, unayoweza kuifungua kwa mkono mmoja. Kamera hununuliwa tena.

Ukiwa Feri, kumbuka uko jirani na Ikulu na bandari. Ukishamaliza na wavuvi na wakaanga samaki, waliokuruhusu kuwapiga picha, rudisha kamera ndani na ufunge kabla hujaanza kutembea. Begi dogo lililofungwa halizui maswali. Pale pana maji ya samaki sakafuni, basi lisitue chini kabisa.

Kwenye boti ya Unguja kaa nalo mapajani, usilipakie na mizigo, na ukitoka kwenye sitaha lifunge, kwa kuwa matone ya chumvi hufika juu kuliko unavyodhani. Ukifika, futa begi na zipu kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, kisha kikavu. Ukipanda mashua au ngalawa kwenda kwenye visiwa vidogo, hapo nailoni haitoshi tena; weka begi zima ndani ya mfuko wa mabaharia wa kukunja mdomo, na kamera isitoke mpaka chombo kimetulia.

Vipi kuhusu mabegi ya majina?

Yapo mazuri kweli. Peak Design wana Everyday Sling katika ukubwa kadhaa, na ile ya lita 6 ingekufaa. Think Tank wana mfululizo wa Retrospective unaofanana na mabegi ya kawaida, na velkro yake inaweza kunyamazishwa. Lowepro nao wana madogo yenye bei nafuu zaidi. Lakini hayo ya mwanzo hupita dola 100 kabla hujalipa usafiri na ushuru, na kwa vitu ulivyonavyo sioni kazi ambayo yangekufanyia na hili la kushonesha likashindwa. Ukijaliwa kupata Lowepro ndogo ya mitumba yenye ndani safi, ichukue, lakini ondoa ile nembo.

Labda utajiuliza kama begi hili litakufaa ukiongeza lenzi ya kuvuta mbali. Ile ya RF-S 55-210mm, ambayo wengi wenye R50 huinunua baada ya mbili za kwanza, ina kipenyo cha milimita 68.9 na urefu wa milimita 92.9. Itasimama palepale pa 50mm, na kwa kimo cha sentimita 13 ulichompa fundi, inaingia pamoja na vifuniko vyake. Hiyo 50mm siku hiyo itabaki kwenye kontena.